Ongeza Majani, Usiongeze Dakika: Kuielewa Chai Unayoipika Nyumbani

Chota majani ya chai kutoka kwenye pakiti moja, uyagawe mafungu mawili. Fungu la kwanza lipike sufuriani pamoja na maji na maziwa, lichemke dakika tano nzima. Utapata chai laini, iliyokolea, inayoteremka vizuri. Fungu la pili litie kwenye kikombe cha maji yaliyotoka kuchemka, bila maziwa, kisha ulisahau kwa dakika nane. Utakayokunywa hapo inakausha ulimi na kukaza mashavu kwa ndani. Majani ni yale yale, na fungu lililokaa motoni ndilo lililotoa chai tamu.

Wengi wakifika hapo husema majani ni mabaya, wakabadilisha pakiti, au wakaongeza sukari mpaka kikombe kikawa sharubati. Lakini chai ina sababu zake, na sababu hizo si nyingi. Mtu akishazijua anaweza kuipika ya maziwa, ya rangi, ya kijani au ya baridi, na ikatoka vile alivyokusudia.

Kilichomo ndani ya jani

Jani la chai lina mamia ya kemikali, ila kwa mtu anayepika nyumbani makundi matatu yanatosha. La kwanza ni theanini, aina ya asidi amino iliyotambuliwa Japani mwaka 1949 kutoka kwenye chai ya kijani iitwayo gyokuro. Hii ndiyo inayoipa chai utamu wake wa ndani, ule unaosikika hata kabla ya kutia sukari. La pili ni kafeini, inayochangamsha na ambayo yenyewe ina uchungu. La tatu ni polifenoli, ambazo watu wamezoea kuziita tanini. Hizi ndizo zinazoleta rangi, uzito wa chai mdomoni, na ukakasi.

Makundi hayo hayatoki kwenye jani kwa mwendo mmoja. Theanini hutoka upesi, hata kwenye maji yasiyo moto sana. Kafeini hutoka haraka maji yakiwa ya moto, na sehemu kubwa yake huwa imeshatoka ndani ya dakika tano za mwanzo. Polifenoli huendelea kutoka taratibu muda wote majani yanapokuwa majini, na kadiri maji yanavyokuwa ya moto ndivyo zinavyotoka nyingi, hasa zile zenye kukakasa zaidi.

Kwa hiyo kila dakika unayoongeza mwishoni hailingani na dakika za mwanzo. Dakika ya pili na ya tatu zinakupa harufu, utamu na nguvu. Ya nane na ya tisa zinakupa ukakasi, na kingine kidogo sana. Hapa ndipo watu wengi hupotea: wanataka chai nzito, wanaacha majani yakae, wanapata chai chungu. Uzito wa chai unatokana zaidi na wingi wa majani, na ukakasi uliopita kiasi unatokana zaidi na muda na joto. Ukitaka chai nzito, ongeza majani, usiongeze dakika.

Kipimo cha kuanzia kwa majani meusi bila maziwa ni gramu 2 hadi 3 kwa kikombe cha mililita 200, kwa dakika tatu hadi tano. Kijiko kimoja cha chai cha majani ya punje ndogo kinakaribia uzito huo. Majani makubwa yaliyosokotwa huchukua nafasi kubwa kuliko uzito wake, kwa hiyo kijiko kimoja cha hayo kinaweza kuwa pungufu sana. Waonja chai wa kitaalamu hutumia kiwango cha kimataifa cha ISO 3103: gramu 2 kwa kila mililita 100, maji yanayochemka, dakika 6. Kipimo hicho kimewekwa ili chai moja ilinganishwe na nyingine kwa haki, na kasoro zijitokeze. Ukikitumia kwa kifungua kinywa utashangaa kwa nini chai yako inapiga kelele.

Ukakasi wenyewe ni nini? Mate yetu yana protini zinazoufanya mdomo uteleze. Tanini zikiingia mdomoni hushikana na protini hizo, utelezi unapungua, na ulimi unahisi ukavu. Ni hisia ya mguso kuliko ladha, ndiyo maana sukari, ambayo inaficha uchungu vizuri, haiuondoi ukakasi kirahisi hivyo. Kumbuka habari hii ya protini, kwa sababu ndiyo itakayotueleza siri ya chai ya maziwa.

Mmea mmoja, chai nyingi

Kuna mkanganyiko wa zamani kuhusu aina za chai, na haukuwapata watu wa kawaida peke yao. Mwaka 1762 Carl Linnaeus, mtaalamu mkubwa wa uainishaji wa mimea, aliigawa chai katika mimea miwili, mmoja wa chai ya kijani na mwingine wa chai nyeusi. Ilichukua miongo mingi kabla ya jambo hilo kusahihishwa kwa ushahidi wa mashambani. Mskoti Robert Fortune, aliyezunguka maeneo ya chai nchini China katika miaka ya 1840, alijionea kwamba chai ya kijani na nyeusi zinaweza kutoka kwenye mmea ule ule.

Leo hakuna ubishi. Chai ya kijani, nyeupe, oolong, nyeusi na pu-erh zote ni Camellia sinensis. Mmea huu una aina kuu mbili, ile ya China yenye majani madogo na ile ya Assam, India, yenye majani makubwa, lakini kinachoitofautisha chai moja na nyingine kikombeni ni yale jani linayofanyiwa baada ya kuchumwa.

Ndani ya jani kuna kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali, kinachongoja hewa. Jani likisagika au kukunjwa, kimeng'enya hicho hukutana na polifenoli na oksijeni, jani likabadilika rangi kuwa kahawia, kama tofaa lililokatwa na kuachwa mezani. Mtengenezaji wa chai ya kijani hulizuia jambo hilo mapema kwa kulipasha jani joto, kwa mvuke kama inavyofanywa sana Japani, au kwenye karai la moto kama inavyofanywa sana China. Mtengenezaji wa chai nyeusi anataka kinyume chake: hulinyausha jani, hulisokota au kulisaga, kisha huliacha hewani mpaka lifike anapotaka, ndipo hulikausha. Oolong inasimamishwa njiani. Chai nyeupe hunyaushwa na kukaushwa bila kusumbuliwa sana. Pu-erh inaachwa ichachuke na kuzeeka.

Katika safari hiyo polifenoli za chai nyeusi zinaungana na kuwa kubwa zaidi, zingine za rangi ya dhahabu na zingine za wekundu wa udongo. Hizo zinavumilia maji yanayochemka. Za chai ya kijani hazijaguswa, na ukizimwagia maji yanayochemka zinatoka zote kwa pupa. Mtu anayesema hapendi chai ya kijani kwa sababu ni chungu, mara nyingi hajawahi kuinywa iliyopikwa kwa maji yaliyopoa kidogo. Ningependa kila mtu wa namna hiyo aijaribu upya kabla ya kuihukumu.

Joto, na namna ya kulipata bila kipimajoto

Kwa majani meusi, maji yawe yametoka kuchemka, nyuzi 95 hadi 100. Oolong inapenda nyuzi 85 hadi 95. Chai ya kijani ya kawaida nyuzi 70 hadi 80, kwa dakika moja hadi tatu tu. Gyokuro, ambayo mimea yake hufunikwa kivuli kwa wiki kadhaa kabla ya kuchumwa ili theanini isipungue, hupikwa kwa maji ya nyuzi 50 hadi 60.

Huhitaji chombo chochote kulipata joto hilo. Chemsha maji, kisha upime kwa kikombe kimoja kidogo: vikombe vitatu vya maji yanayochemka na kimoja cha maji ya kawaida ya nyuzi 20. Mchanganyiko huo unakupa nyuzi 80 (mia tatu na ishirini ukigawanya kwa nne). Viwili kwa kimoja unashuka hadi kama nyuzi 73. Buli likiwa la baridi litachukua joto lake pia, kwa hiyo lisuuze kwanza kwa maji ya moto uyamwage. Jambo moja tu: kama maji ya kwenu hayanyweki bila kuchemshwa, kile kikombe cha maji baridi kiwe cha maji yaliyokwisha kuchemshwa na kupoa.

Wanaoishi kwenye miinuko wana hali yao. Kila unapopanda takriban mita 300, maji huchemka kwa joto lililopungua kwa karibu nyuzi 1. Kwenye mita 1,500 maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, na kwenye mita 2,400 kama nyuzi 92. Majani meusi huko yanahitaji dakika moja zaidi, au kijiko kilichojaa zaidi, au yachemshwe sufuriani yakiwa yamefunikwa. Kwa chai ya kijani, mwenyeji wa mlimani ana kazi ndogo kuliko mtu wa pwani.

Punje, jani zima na kifuko

Ukubwa wa jani ndio unaoamua mwendo. Punje ndogo ndogo za chai nyeusi zinatokana na mashine zenye roli za meno zinazokata, kuchana na kuviringisha jani, mbinu iliyoanzia Assam katika miaka ya 1930. Jani lililokatwakatwa hivyo linakutana na maji pande zote, linatoa rangi ndani ya dakika moja, na linafaa sana kwa maziwa. Jani zima linatoa polepole na lina ngazi nyingi za harufu, ila maziwa mengi yanalizima.

Kifuko cha chai kina punje au vumbi la jani, ndiyo maana kinakolea haraka na kinakasirika haraka. Wazo lenyewe ni la zamani: mwaka 1901 wanawake wawili wa Milwaukee, Marekani, Roberta Lawson na Mary McLaren, waliomba hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya kifuko cha kitambaa cha wavu kwa ajili ya kutengeneza kikombe kimoja kwa wakati mmoja, badala ya kupika buli zima na kumwaga linalobaki. Ukitumia kifuko, kitoe baada ya dakika mbili au tatu, na usikikamue kwa kijiko. Maji yaliyonaswa katikati ya majani ndiyo mazito na yenye ukakasi kuliko yote kikombeni. Kama kikombe kimoja hakikutoshi kwa nguvu, tumia vifuko viwili.

Maziwa yanafanya nini

Turudi kwenye yale mafungu mawili. Maziwa yana protini nyingi iitwayo kaseini. Tanini zinapotoka kwenye jani na kukuta kaseini sufuriani, zinashikana nayo hapo hapo, na zinapofika mdomoni zimeshapata pa kushika; mate yako yanasalimika. Ndiyo sababu chai ya maziwa inaweza kuchemshwa dakika tano bila kukakasa, na pia ndiyo sababu inahitaji majani mengi zaidi. Chai iliyopikwa vizuri kwa kunywewa bila maziwa, ukiitia maziwa inakuwa maji maji. Ile ya maziwa, kabla hujatia maziwa, inatakiwa iwe kali kuliko unavyoweza kuinywa.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kupika chai ya rangi iliyokolea, kisha kutia maziwa kikombeni. Ladha ya jani inabaki wazi na maziwa yanabaki mabichi kidogo. Wanaotumia njia hii hubishana juu ya kipi kianze kuingia kikombeni, na ubishi huo una chembe ya ukweli: maziwa kidogo yakidondokea kwenye chai ya moto sana hupanda ghafla zaidi ya nyuzi 75, protini zake zikaanza kuharibika, ikatokea harufu ya maziwa yaliyochemshwa. Yakitangulia yenyewe, hupata joto taratibu. Tofauti ni ndogo, na anayeipenda ile harufu ya maziwa yaliyoiva hana la kurekebisha.

Njia ya pili ni ya sufuria, na mimi naipenda kuliko zote kwa sababu kila hatua yake ina kazi. Tia maji, nusu ya kiasi cha chai unayotaka. Tia viungo vigumu kwanza: mdalasini, iliki iliyopasuliwa, karafuu, pilipili manga. Acha vichemke dakika tano, maana harufu yao imefungwa ndani ya mbegu na magome, na iliki isiyopasuliwa inapita sufuriani kama mgeni tu. Tia majani, kijiko kimoja kilichojaa kwa kila kikombe, yachemke dakika mbili. Sasa tia maziwa, uyaache yapande.

Hapo usiondoke. Maziwa yakipata joto, protini na mafuta yake hufanya utando juu, mvuke unanaswa chini yake, na utando unapanda wote kwa mara moja. Yakikaribia mdomo wa sufuria punguza moto, yashuke, kisha uyapandishe tena mara mbili au tatu. Kila yanapopanda na kushuka maji yanapungua kidogo na chai inazidi kuwa nzito. Chuja ikiwa bado ya moto, kwa sababu majani yaliyoachwa kwenye sufuria ya chai iliyopikwa hayajaacha kufanya kazi.

Tangawizi inataka maelezo yake, maana ndiyo inayovunja mioyo ya watu wengi jikoni. Unaikwangua mbichi, unaitia kwenye maziwa ya moto, na baada ya dakika moja maziwa yamekatika, mabonge meupe yanaelea juu ya maji ya njano. Unayashuku maziwa kwamba yalikuwa yameanza kuchacha, kumbe hayana kosa. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata protini, na kinafanya kazi kwa bidii zaidi pale maziwa yanapokuwa ya moto lakini hayajachemka, kama nyuzi 60 hadi 70. Dawa yake ni moto. Chemsha tangawizi kwenye maji kwa dakika tano hadi kumi kabla ya maziwa kuingia, na kimeng'enya hicho kitakuwa kimekufa. Ukiwa na haraka, tangawizi iliyokaushwa na kusagwa ina hatari ndogo zaidi, ingawa ukali wake ni wa aina nyingine.

Limau, na rangi inayopauka

Kamulia limau kwenye chai ya rangi na uitazame: wekundu mzito unageuka dhahabu ndani ya sekunde moja. Limau halijaifanya chai kuwa nyepesi. Polifenoli za chai nyeusi hubadilika rangi kulingana na asidi, kwa hiyo nguvu ya chai ni ile ile, kilichopauka ni sura yake.

Limau na maziwa havikai kikombe kimoja. Kaseini huganda asidi inapofika kiwango fulani, na limau huifikisha hapo upesi. Chai ya rosela, ile nyekundu yenye uchachu, ina asidi ya kutosha kufanya hivyo hivyo.

Limau lina faida nyingine ambayo wenye maji magumu wataipenda. Maji yenye chokaa nyingi hufanya chai iwe na rangi iliyofifia, ya matope, na juu yake utando mwembamba unaopasuka vipande ukiutikisa, kisha unaganda pembeni mwa kikombe. Utando huo ni polifenoli zilizoungana na kalisi, madini yaliyomo kwenye chokaa, pamoja na hewa. Asidi kidogo ya limau inauondoa. Kuyachuja maji kwa kichujio kinachopunguza chokaa kunasaidia zaidi, na ukishaonja chai ya jani zuri kwenye maji laini utajua kwamba sehemu kubwa ya ladha uliyokuwa unaikosa ilikuwa kwenye maji.

Buli dogo na maji mengi

Ipo namna nyingine ya kutumia jani, iliyokuzwa China kwa ajili ya oolong na pu-erh, inayokwenda kinyume na kikombe kikubwa. Chukua chombo kidogo cha mililita 100 hadi 150, tia gramu 5 hadi 7 za majani, yaani mara tatu au nne ya kawaida. Mimina maji ya moto, hesabu sekunde kumi na tano au ishirini, mimina yote kwenye vikombe vidogo. Kisha tia maji tena juu ya majani yale yale, ukiongeza sekunde chache kila mara. Jani zuri linakubali mara tano, sita, hata zaidi, na kila mara linakuja na harufu tofauti.

Ni ule ule msingi wa majani mengi na muda mfupi, umepelekwa mwisho kabisa. Hauhitaji vyombo maalumu. Kikombe kidogo chenye kifuniko na chujio vinatosha. Inapendeza zaidi mkiwa wawili au watatu wenye muda. Punje ndogo za chai ya sufuria usizijaribu hivi, zitamaliza kila kitu kwenye maji ya kwanza.

Wapo wanaomwaga maji ya kwanza baada ya nusu dakika wakiamini wameondoa kafeini. Nusu dakika inaondoa sehemu ndogo tu, na pamoja nayo imeondoka harufu nzuri. Anayetaka kukwepa kafeini atafute chai iliyoondolewa kafeini kiwandani, au anywe mimea mingine.

Matcha ni jani la chai ya kijani lililokuzwa kivulini na kusagwa kuwa unga, na hapo huchuji chochote, unakunywa jani lenyewe. Gramu 2 kwenye mililita 70 za maji ya nyuzi 75 hadi 80, ukoroge kwa nguvu kwa mchapo mpaka povu lisimame. Chekecha unga kwanza, madonge yake hayayeyuki.

Chai ya baridi

Kuna njia mbili pia, na zinatoa vinywaji viwili tofauti. Ya haraka: pika chai ya rangi kwa majani mara mbili ya kawaida na dakika zile zile, imimine juu ya barafu nyingi. Barafu ikiyeyuka inaizimua mpaka inafika nguvu inayofaa. Sukari itie ikiwa bado ya moto, kwenye baridi itakaa chini ya bilauri.

Wakati mwingine chai hiyo hugeuka kuwa na ukungu ikipoa, na mtu akaimwaga. Haijaharibika. Kafeini na polifenoli hushikana joto linaposhuka na kufanya chembe ndogo zinazozuia mwanga kupita. Maji kidogo ya moto huzitawanya.

Njia ya polepole ndiyo inayonistaajabisha bado. Gramu 8 hadi 10 za majani kwenye lita moja ya maji salama ya baridi, funika, weka kwenye friji saa sita hadi kumi na mbili, chuja. Theanini na harufu zinatoka, polifenoli kali na sehemu ya kafeini zinabaki kwenye jani. Chai ya kijani iliyokuwa ikikushinda kwa uchungu inakuwa tamu bila sukari. Ila iwe kwenye friji kweli. Kuacha mtungi wa majani juani siku nzima hakufikishi maji kwenye joto la kuua vijidudu, kunayafikisha kwenye uvuguvugu vinaoupenda.

Mimea isiyo chai

Mchaichai, mnanaa, kamomili, rosela na rooibos ya Afrika Kusini tunaziita chai kwa mazoea, lakini hazitoki kwenye Camellia sinensis, na karibu zote hazina kafeini. Majani na maua laini yamwagie maji yanayochemka, ufunike, dakika tano hadi kumi. Kifuniko ni cha lazima, kwa sababu harufu ya mnanaa unayoisikia jikoni ni harufu iliyokwisha kutoka kikombeni. Mizizi na magome yachemshe kwa moto mdogo robo saa.

Wakati wa kunywa

Tanini zinazoshika protini hushika pia madini ya chuma yatokanayo na vyakula vya mimea, yakashindwa kufyonzwa vizuri. Mwenye upungufu wa damu, mjamzito na mtoto wanafaa kuitenga chai na mlo kwa saa moja au zaidi. Kuhusu kafeini, Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya anaweza kufika miligramu 400 kwa siku, na mjamzito 200. Kikombe cha chai nyeusi kina kama miligramu 40 hadi 50, kutegemea majani na muda.

Na usiinywe ikiwa inaunguza. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2016 liliviweka vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65, kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio. Tatizo ni joto, chai yenyewe haina lawama. Dakika tano za kungoja zinatosha, na ladha huonekana vizuri zaidi kinywaji kikipoa kidogo.

Mkebe

Adui wa majani makavu ni hewa, unyevu, mwanga, joto na harufu. Mkebe wa bati unaofunga vizuri, mbali na jiko, unamaliza matatizo yote matano. Chai ya kijani huchakaa upesi, nunua kidogo kidogo. Nyeusi inavumilia zaidi.

Hilo la harufu ni kweli kabisa: majani yaliyowekwa karibu na bizari nyembamba au sabuni yatakuwa na harufu ya bizari au sabuni. Watengenezaji wa chai ya asumini huko Fujian, China, wanaitumia tabia hiyo hiyo, wakiyalaza majani pamoja na maua mabichi usiku, wakayatoa maua na kukausha majani, mara kadhaa. Nyumbani maua mabichi yataleta unyevu na kuvu, kwa hiyo tumia vitu vikavu. Tia kwenye mkebe wa majani meusi maganda ya iliki, kipande cha mdalasini, au ganda la chungwa lililokauka mpaka linavunjika. Funga wiki moja, uvitoe, kisha upike majani hayo bila kiungo kingine chochote, dakika tatu, bila maziwa kwanza.